Turubai la Sitaha ya Mfalme

"Hii si samli," alisema Mama Glovu. "Hii ni haradali."

Alikuwa amepiga magoti kwenye sitaha ya nyuma ya meli, kadi ya rangi mkono mmoja na miwani mkono wa pili, akilinganisha. Kyakimwa alisimama kando yake na brashi inayodondoka. Ilikuwa Jumanne asubuhi, na hii ilikuwa mara ya tatu kuipaka sitaha ile ile. Kila alipomaliza, kamati ilipanda na kadi nyingine.

"Jana mlisema haradali," Kyakimwa alisema.

"Jana kulikuwa na mawingu."

Kyakimwa aliitazama mbingu ya Sydney, ambayo siku hiyo haikuwa na wingu hata moja, akaichovya tena brashi. Kiingereza chake kilimtosha kufanya kazi. Hakikumtosha kugombana, na hilo ndilo lililomchosha kuliko kazi yenyewe.

Mama Glovu alikuwa na jina lake, la heshima na lenye cheo mbele, ila Kyakimwa alimbandika hilo kwa sababu hata chai aliinywa na glovu zake nyeupe za pamba, zile za kushikia vitu vya makumbusho. Mwenzake wa kamati, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kuomba radhi, alikuwa Bwana Picha. Huyu alikuwa na picha moja tu ya sitaha ile, iliyopigwa miaka mia na arobaini iliyopita, akitembea nayo kila mahali ndani ya bahasha ya plastiki. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Hata hivyo watu wazima wanne walikaa mkutanoni saa tatu nzima wakibishana ilikuwa ya rangi gani.

Meli iliitwa Princess Ottilie. Ilikuwa meli ya matanga ya mfalme wa nchi moja ndogo ya Ulaya, nchi ambayo ilishafutwa kwenye ramani kabla bibi yake Kyakimwa hajazaliwa. Mfalme aliitumia kutembeza familia wakati wa joto. Alipokufa iliuzwa, ikauzwa tena, ikaishia huku Sydney kubebeshwa makaa ya mawe, na baadaye kusahauliwa kwenye maji ya kina kifupi mpaka ikaanza kuoza. Sasa ilikuwa imefungwa kwenye gati la karakana ya meli za kale, inakarabatiwa iwe makumbusho. Ijumaa angekuja mgeni wa kuizindua, kitukuu wa mfalme mwenyewe, na kwa ajili ya kitukuu huyo kamati ilikuwa haipati usingizi.

Ubishi ulikuwa ni mfalme alikanyaga nini. Mwanzoni kamati iliapa kwamba alikanyaga mbao tupu, nyeupe kwa kusuguliwa. Kyakimwa akasugua mbao kwa mchanga na jiwe wiki mbili, mgongo ukagoma. Kisha ikapatikana barua ya malkia akilalamika kwamba lami ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa za mbao, iliyeyuka juani ikamharibia pindo la gauni. Basi, kumbe palikuwa na mikeka ya makumbi. Kyakimwa akapinda kingo za mikeka kumi na minne. Kisha Bwana Picha akaja na picha yake, na picha ikaonyesha turubai, limetandazwa juu ya mbao zote na kupakwa rangi. Mikeka ikapelekwa stoo.

Siku hiyo ya turubai Kyakimwa hakununa. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kumi na saba kati ya hiyo aliimaliza Butembo akishona maturubai ya malori. Malori ya Goma, ya Beni, ya Kampala, yote yalipita mikononi mwake, na madereva walikuwa wakisema turubai la Kyakimwa halijui mvua. Kisha vita, kisha kambi Uganda, kisha Sydney. Huku aliogesha wazee wa watu Blacktown miaka minne, akapanga maboksi ghalani miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kumuuliza mikono yake inajua nini. Aliyemuuliza alikuwa Rufus, Mkenya wa kanisani kwao, karani wa mradi wa meli hii. Ndiye aliyemwingiza.

Lakini aliingia kupitia wakala. Kila Jumapili jioni ilimbidi akae na simu mkononi kusubiri kuambiwa kama wiki inayofuata ana kazi au hana. Dawa ya hayo ilikuwa karatasi moja, cheti cha ufundi, na palikuwa na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kukitia sahihi pale karakanani. Huyo alikuwa msimamizi, mzee Tuan kutoka Cabramatta, na mzee Tuan alikuwa anastaafu Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi jioni. Baada yake mkaguzi angetoka Melbourne. Angekuja mwakani, au asije, na akija angetaka kuona kazi nzima tangu mwanzo.

Masharti ya Tuan yalikuwa mafupi. Angemwagia sitaha maji ya mpira saa nzima, na magazeti yatandazwe chumbani chini. Magazeti yakibaki makavu, angetia sahihi. Alikuwa amepasuliwa goti na kukaa nyumbani wiki tatu, wiki zile zile Kyakimwa alipotandaza turubai, akarudi Jumatatu na fimbo. Ngazi ya kupandia nyuma hakuiweza. Alisimama chini, akainyoosha shingo, akatazama muda mrefu.

"Sawa," alisema. Kwa Tuan hiyo ilikuwa hotuba.

Jumanne ikaisha kwa rangi ya samli. Jumatano kamati haikuonekana, rangi ikakauka, na jioni ikanyesha mvua kubwa. Kyakimwa aliisikia kwenye paa la nyumba yao Quakers Hill, akalala kwa raha.

Alhamisi alifika kabla ya wote. Jambo la kwanza aliteremka kwenye chumba cha mfalme, kilichokuwa chini ya sitaha ya nyuma kabisa. Magazeti aliyoyatandaza juzi yalikuwa makavu, unaweza kuyasoma. Alicheka peke yake mle ndani. Mvua ya usiku kucha, na haikupita hata tone moja. Kesho mpira wa Tuan ungekuwa mchezo wa watoto.

Akapanda juu na fagio la mpira kuondoa maji yaliyobaki, na hapo ndipo alipoona mistari.

Turubai lilikuwa vipande tisa, kila kimoja kimelazwa kukatisha meli toka ubavu hadi ubavu, na mishono minane. Kwenye kila mshono maji yalikuwa yamesimama, upana wa kidole, yamejipanga. Aliyafagia. Yakatiririka kidogo, yakafika mshono wa mbele yake, yakasimama tena. Akafagia tena kwa nguvu zaidi, akasonya. Kisha akaliweka fagio chini taratibu na kupiga magoti palepale alipokuwa amepiga Mama Glovu, akatia kidole gumba kwenye mdomo wa mshono.

Mdomo ulikuwa umeelekea maji.

Turubai la lori hushonwa hivi: kipande cha mbele kinalalia cha nyuma. Lori linakwenda, upepo na mvua vinatoka mbele, vinateleza juu ya mshono vikaishia zao. Ukishona kinyume, upepo unaingia chini ya mshono na kabla hujafika Lubero huna turubai. Mikono ya Kyakimwa ilikuwa imefanya hivyo miaka kumi na saba na haikuomba ruhusa ya kichwa. Meli nayo si inakwenda mbele? Akaanza nyuma kabisa, akaja mbele, kila kipande kikilalia kilichotangulia, misumari midogo ya shaba imekaa karibu karibu, kazi ya kupendeza.

Ila meli hii ilikuwa haiendi popote. Ilikuwa imefungwa gatini kwa minyororo na ingekaa hapo mpaka kiama. Na sitaha ya nyuma ya meli hupanda kadiri unavyoelekea nyuma, kwa hiyo maji yake huteremka kuja mbele, kwenye matundu ya kutokea. Ile haikuwa bodi ya lori, ilikuwa paa. Na paa, hata mtoto wa Butembo anajua, unaanza kuezeka chini, na bati la juu linalalia la chini. Yeye alikuwa ameezeka paa la mfalme kichwa chini miguu juu.

"Kyakimwa," alijiambia kwa sauti. "Kyakimwa weye."

Hasira alizokuwa amewawekea kamati miezi miwili zikamgeukia zote kwa mpigo. Alikuwa amewaita wajinga. Kila jioni kwenye treni alikuwa akiwaita wajinga, tangu stesheni ya kwanza hadi Quakers Hill. Na wakati huo wote kosa kubwa kuliko yote lilikuwa lake, amelipigilia misumari elfu mbili.

Tena lilikuwa kosa lisiloonekana. Rangi mbichi iliyopakwa mara tatu ilikuwa imeiziba midomo ya mishono. Leo haivuji, kesho haitavuja. Jua la kiangazi kimoja, labda viwili, litaipasua rangi, na maji yatakuwa yanasubiri pale pale, yamejipanga. Yataingia chini ya turubai na hayatatoka, na mbao zitaoza bila mtu kujua mpaka siku mguu utakapozama. Wakati huo Tuan atakuwa Cabramatta anamwagilia mboga, na yeye atakuwa na cheti chake.

Alimpigia Rufus simu. Rufus alikuja mbio akiwa na kikombe cha kahawa, na viatu vyake vya ofisi akaviacha mwisho wa ngazi, maana Kyakimwa alishamzoesha. Alisikiliza, akatazama mishono, akatazama maji.

"Lakini chini ni dry?"

"Ni dry."

"Kabisa?"

"Rufus, mi nakuambia leo iko dry. Mais hii kitu itaoza. Maji haiko na adabu, inaingia fasi yote yenye iko na nafasi. Inapashwa kutolewa yote."

Rufus akakaa kwenye ngazi, akamwita kwa jina la bintiye. "Mama Falone, sikiza. Mgeni ni kesho. Mzee Tuan ni kesho. Uliniambia mwenyewe hakuna mtu aguse hii deck, ata ukatukataza kutembea. Sasa ni wewe unataka kuing'oa?"

"Ni mimi."

"Na paper yako?"

Kyakimwa aliokota fagio, akayasukuma tena maji yale yale.

"Basi tuwaambie committee," Rufus alisema kwa sauti ya mtu anayeahirisha kilio. "Wao waamue. Si ni ship yao."

Kamati ilipanda saa tatu, wote wanne. Kyakimwa alikuwa ameandaa sentensi zake za Kiingereza kwa makini, moja baada ya nyingine, lakini hakuwahi kuzitoa, kwa sababu Mama Glovu alifika juu ya ngazi, akasimama, akavua miwani.

"Ah," alisema. "Hii ndiyo samli."

Bwana Picha alitoa picha yake kwenye bahasha. Aliiinua mbele ya macho, akaishusha, akaiinua. Akahesabu mishono ya pichani, akahesabu ya sitahani. Minane na minane. Akasema kwa sauti iliyotetemeka kwamba ni kama mfalme ametoka hapo sasa hivi. Mwingine akasema msimu mzima hajaona kazi safi kama hii. Kwa mara ya kwanza tangu meli ile inunuliwe, kamati nzima ilikuwa imekubaliana juu ya jambo, na jambo lenyewe lilikuwa hili.

Kyakimwa alitaka kulia. Miezi miwili aliyowahitaji waridhike hawakuridhika, wakaridhika siku anayotaka wakatae.

Akawaeleza. Alieleza lori, akaeleza paa, akamwaga maji ya chupa yake yakateremka na kusimama kwenye mshono mbele ya macho yao. Walitazama kwa heshima.

"Lakini haivuji," alisema Mama Glovu.

"Itavuja."

"Kwenye picha haionekani kipande gani kinalalia kipi," alisema Bwana Picha, akiitafakari. "Inawezekana hata mafundi wa mfalme walifanya hivi hivi. Ingekuwa jambo la kuvutia sana."

"Kama walifanya hivi," Kyakimwa alisema, "ndiyo maana mmeikuta imeoza."

Rufus alikohoa. Mama Glovu akavaa miwani, akatoa uamuzi kwa upole kama anayemtuliza mgonjwa. Sitaha ibaki ilivyo. Mgeni aje, picha zipigwe, mzee Tuan atie sahihi yake, na wakati wa baridi, fedha zikipatikana, watalitazama upya. Si lilikuwa jambo la busara? Kyakimwa akasema ndiyo kwa sababu hakujua Kiingereza cha kusema hapana kwa watu wapole. Tuan mwenyewe hakuwepo. Alikuwa hospitali kutolewa nyuzi.

Jioni, mezani, alimwambia bintiye Falone. Falone alikuwa na miaka ishirini, anasomea uuguzi, na Kiswahili alikisikia chote ila majibu yake yalitoka kwa Kiingereza.

"Mum, they literally told you to leave it."

"Nasikia."

"So leave it. Get the paper. Fix it in winter."

"Winter hawatafanya. Unajua batu ya komite weye? Winter watakuwa wanagombana rangi ya matanga."

"Then that's on them."

Kyakimwa aliumega ugali, akauviringisha mkononi muda mrefu kuliko unavyohitaji. "Na Tuan? Ile karatasi inasema haivuji. Jina yake njo itakuwa pale chini, haiko jina ya komite. Ni ya mwisho anaandika. Miaka makumi ine anaandika, na ya mwisho itakuwa uongo yangu."

Falone alimwangalia mama yake. Alikuwa amekaa naye kwenye foleni za ofisi nyingi, akimtafsiria, na alijua karatasi ni nini katika nyumba ile. "He'd never know," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Njo maana," Kyakimwa alisema, akala.

Ijumaa alikuwa sitahani saa kumi na mbili asubuhi, na hakumpigia mtu simu. Kuuliza ni kukaribisha mkutano. Alipiga magoti mbele kabisa, kwenye kipande cha chini, akaingiza patasi chini ya msumari wa kwanza, akaung'oa. Ulitoka na kijipande cha rangi ya samli. Aliutazama sekunde moja hivi kisha akautupa ndooni. Baada ya misumari thelathini mkono ulishika mwendo. Chini ya turubai rangi nzito aliyolilazia ilikuwa bado laini, kama ugali ulioshika nje ukabaki mbichi ndani, na kipande kiliachia mbao kwa sauti ya mnyonyo. Turubai likatoka na mashimo, halifai tena hata kufunikia kuni.

Rufus ndiye aliyefika wa kwanza. Hakupiga kelele. Alishika kichwa.

"Umenimaliza, Mama Falone. Umenimaliza kabisa."

"Weka kamba pale, mugeni asipite."

"Nitawaambia nini?"

"Ambia ni kazi inaendelea. Si ni ukweli?"

Tuan alikuja saa moja. Kyakimwa alisikia fimbo gatini, kisha goti bovu likipanda ngazi, kidato kimoja, pumzi, kidato kimoja. Alitokea juu amevaa shati jeupe la kuagia, mfukoni kalamu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alitazama mbao zilizo wazi. Akainama, akaushika mshono wa pili, ambao haukuwa umeguswa, akaufuata kwa kidole kuelekea kwake.

"Nani aliona?" aliuliza.

"Mimi."

"Lini?"

"Jana."

"Ingevuja lini?"

"Mwakani. Mwaka wa pili."

"Mpira leo ungepita."

"Ungepita."

"Ningetia sahihi."

"Ndiyo."

Tuan aliitoa karatasi, akaikunjua, akaisoma kana kwamba hajawahi kuiona. "Hapa pameandikwa kazi imekamilika na haivuji," alisema. "Hii haina hata turubai." Sauti yake ilikuwa na kero ya mtu aliyepanda ngazi kwa goti lililoshonwa na kukuta duka limefungwa. "Umeshindwa kusubiri siku moja?"

"Siku moja ungekuwa umeshaandika."

Aliikunja karatasi, mara nne, akairudisha mfukoni. Akateremka. Kyakimwa alisikia kidato baada ya kidato mpaka fimbo ikafika gatini, na macho yakamwuma, akayalaumu mafuta ya rangi, akaingiza patasi chini ya msumari mwingine. Basi, imeshapita. Jumapili jioni atakaa na simu mkononi kama kawaida.

Kamati ilipofika, ilichosema hakuna haja ya kukirudia. Bwana Picha alikaa chini kabisa, na picha yake pajani. Lakini hakuna kamati inayoweza kurudisha misumari mia saba kwenye mashimo yake kabla ya saa tano mgeni afike, kwa hiyo kamba ilifungwa, na Mama Glovu mwenyewe, midomo imekazwa, akaandika kibao kwamba hapa mnaona ufundi wa jadi ukiendelea. Kitukuu wa mfalme alikuja kwa wakati. Alikuwa mzee mpole mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni. Alipiga picha na usukani, akauliza choo kiko wapi, akanywa glasi ya mvinyo, akaondoka. Hakutazama chini hata mara moja.

Adhuhuri yalisikika makofi kutoka ofisini, keki ya kumuaga Tuan. Kyakimwa hakwenda. Alikuwa amefika kwenye mbao tupu upana wa vipande vinne, amezikwangua, na stoo palikuwa na robota zima la turubai kwa sababu kamati ilishaagiza mara mbili kwa kusahau. Alikata kipande cha kwanza. Akamimina rangi nzito mbele kabisa, pale chini sitaha inapoanzia, akaisambaza. Kisha akakaa juu ya visigino vyake na kugundua kwamba yuko peke yake. Turubai hulazwa na watu wawili. Mara ya kwanza alimvutisha Rufus, na Rufus leo alikuwa hata hapokei simu.

Akapigilia upande wa kushoto, akakimbilia wa kulia, akalibana turubai kwa koleo na kulivuta. Upande wa kushoto ukajikunja. Akarudi, akanyoosha, akakimbia tena. Ukajikunja katikati. Rangi ilikuwa inaanza kushika. Alisema kwa Kinande, lugha ya kwao, maneno ambayo mchungaji wake angeshangaa kuyasikia.

Ngazi ikalia. Kidato, pumzi, kidato. Tuan alitokea na shati lake jeupe, makombo ya keki kifuani. Aliirusha fimbo pembeni. Akajishusha upande wa kushoto, mguu mbovu ameunyoosha mbele kama ubao, akanyoosha mkono akitaka koleo la pili, na Kyakimwa akampa.

Kipande cha kwanza kililala. Cha pili kikakilalia cha kwanza, kutoka juu, kama bati, na Tuan akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wake mara mbili kabla ya kukubali msumari. Walikuwa wamekinyanyua cha tatu wakati king'ora cha karakana kilipolia saa kumi. Chini, watu walifunga masanduku ya zana, wakaanza kutoka getini, na mmoja aliita jina la Tuan na kupunga mkono. Tuan hakugeuka. Rangi nzito ilikuwa imemfika viwikoni, na kona ya karatasi iliyotokeza mfukoni ilikuwa nayo imeshashika rangi.

"Vuta upande wako," alisema.

Kyakimwa akavuta.